Upepo wa Tela la Mashua

Asubuhi moja ya mwezi wa tano, mwaka wa hamsini na sita, baridi ya Iringa ikiwa imewatoa watu kamasi na adabu, Zubery alikuwa amechuchumaa mbele ya tairi la tela akipewa mawaidha na mzungu. Mkewe, Mwanahawa, alisimama kando na shuka mabegani, akisubiri mawaidha yaishe ili mumewe ayapuuze na safari ianze.

Mzungu yule alikuwa mkulima wa tumbaku aliyeshindwa na tumbaku. Sasa alikuwa anauza kila kitu arudi kwao: ng'ombe, vitanda, kinanda, na mashua nyeupe ya mbao aliyokuwa akivulia samaki katika bwawa la shambani kwake. Mashua ilikaa juu ya tela lake la magurudumu mawili. Aliyeinunua ni Othmani, kaka yake Mwanahawa, mwenye duka Mbeya. Alitaka kuipeleka Ziwa Nyasa imbebee mchele kule Mwaya. Kazi ya kuivuta kutoka Iringa hadi Mbeya alimpa shemeji yake, kwa sababu Zubery alikuwa na pikapu, na kwa sababu Zubery alikuwa amemwambia kila mtu kwamba mambo ya vyombo vya majini yamo damuni mwake.

Kuhusu damu hiyo Mwanahawa alikuwa na maoni yake. Babu wa babu yake Zubery alikuja Iringa kutoka Bagamoyo zamani za misafara, akiwa na furushi la mtu mwingine kichwani. Kila kizazi kilichofuata kilimpunguzia mzigo kidogo, hata ilipofika zamu ya Zubery kusimulia, mzee yule alikuwa nahodha. Zubery mwenyewe, maji mapana kuliko yote aliyowahi kuyaona yalikuwa ya Ruaha Mdogo chini ya mji, na hayo aliyaona akiwa darajani.

"Thelathini na tano," mzungu alisema kwa Kiswahili chake kigumu, akionyesha kwa vidole. "Ratili thelathini na tano tu za upepo. Isizidi."

"Ndiyo, bwana," Zubery alijibu.

Mzungu alipoingia ndani kunywa kahawa yake, Zubery alichukua pampu, akajaza hadi sitini.

"Si amesema thelathini na tano?" Mwanahawa aliuliza.

"Huyo alikuwa anavuta mashua tupu kutoka ghalani hadi bwawani. Tena ni mtu aliyeshindwa kuotesha tumbaku Iringa. Utamsikiliza kwa lipi? Lori hutiwa sitini. Mzigo ni mzigo."

"Unajua, au unakisia?"

"Najua."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Katika ndoa yao Mwanahawa alikuwa amemsikia akijua kuezeka, akijua kuhasi mbuzi, akijua dawa ya jino, na akijua njia ya mkato ya Kilolo iliyowalaza porini. Alikwenda kupakia sanduku lake.

Sanduku hilo lilikuwa na vikombe vya kauri vyenye maua ya buluu, pamoja na birika lake, zawadi ya kumpelekea wifi yake Mwamvita. Mwamvita, mke wa Othmani, alikuwa amejifungua, na Mwanahawa alikuwa anakwenda kumkalia mpaka arobaini yake. Nyuma ya pikapu palikuwa pamejaa magunia ya vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni, kwa hiyo sanduku likafungwa ndani ya mashua, nyuma kabisa, upande wa kushoto. Alikuwa amevifunga vikombe kwa nyasi na kanga mbili kuukuu, akavisomea na dua.

Walipopita sokoni, mtu mrefu mwenye mwavuli mweusi aliwapungia mkono. Alikuwa Mwinjilisti Fanueli, mtu wa milimani juu ya Mbeya, aliyekuja Iringa kwenye mkutano wa kanisa na sasa alikuwa anatafuta gari la kumrudisha. Zubery alikubali mara moja. Alipenda kusafiri na mtu asiyemjua, maana huyo hakuwa bado amezisikia hadithi zake.

Shida ilikuwa pa kukaa. Kiti cha mbele kilikuwa cha watu wawili, na Mwanahawa alikuwa mmoja na nusu. Alilisema hilo mwenyewe kabla mtu mwingine hajalisema.

"Panda kwenye mashua, mwalimu," Zubery alisema. "Nuhu alikaa humo siku nyingi. Wewe ni hadi kesho tu."

"Nuhu alikuwa na maji chini yake," Fanueli alijibu, lakini akapanda, akaketi nyuma, upande wa kulia, akaegemea sanduku la vikombe kwa kiwiko.

Barabara ya kwenda Mbeya siku zile ilikuwa ya changarawe, na malori yalikuwa yameikunja ikawa kama ubao wa kufulia. Pikapu ilitetemeka, lakini tela lilikuwa linaruka. Kwa ratili zile sitini matairi yalikuwa magumu kama mawe ya kusagia, na kila tuta liliyapiga yakapaa. Mwanahawa aligeuka akatazama kupitia kioo cha nyuma, akamwona mwinjilisti akipaa na kutua, akipaa na kutua, mkono mmoja umeshika ukingo wa mashua na mwingine umeshika kofia.

Fanueli alikuwa na sauti ambayo Mungu, kwa kuwa ndiye aliyeitoa, alilazimika kuivumilia. Mwanahawa hakuwa na wajibu huo. Tangu Ifunda alikuwa anajaribu kuimba, na kila mstari ulikatika katikati kama mtu anayekabwa. Lakini kilichomchoma Mwanahawa moyoni kilikuwa mlio mwingine, mdogo, wa kauri, uliokuja baada ya kila mruko.

"Linaruka sana," alimwambia mumewe.

"Tela zuri huruka. Likikaa kimya ujue lina ugonjwa."

Adhuhuri walisimama Makambako penye hoteli ya chai. Fanueli alishuka kwenye mashua akitembea kwa miguu iliyoachana, kama mtu aliyepanda punda asiye na tandiko toka alfajiri. Mwanahawa alifungua sanduku akakuta kikombe kimoja kimekatika mkono. Alikishika kiganjani akakitazama, akalifunga sanduku.

Zubery alikunywa chai haraka. "Nakwenda kuswali," alisema, akatoka.

Aliporudi, Fanueli naye alisimama. "Nami nakwenda kuomba kidogo mahali pa faragha," alisema, akazunguka nyuma ya mashua. Alikaa huko kitambo, akarudi uso wake umetulia kama wa mtu aliyejibiwa.

Mwanahawa aliwaacha wakibishana habari za Yona, kama alimezwa na nyangumi au papa. Zubery alisema anajua ni papa. Mwanahawa alitoka taratibu, akapiga magoti penye tairi la kushoto, upande wa vikombe. Alikuwa amewaona mafundi wa Iringa wakipunguza upepo mara nyingi. Hapakuwa na uganga. Alichomoa pini ya nywele, akakibonyeza kichuma kilicho katikati ya vali. Upepo ukatoka ukizomea, nao Mwanahawa alihisi ni sitini zote za Zubery zinazozomewa. Aliuacha utoke mpaka tairi likalegea kama tumbo la mtu aliyefunga. La kulia hakuligusa. Hilo lilikuwa upande wa mwinjilisti, na mwinjilisti alikuwa na Mungu wake wa kumwangalia.

Toka hapo safari ikawa tamu ajabu. Tela halikuruka tena. Lilifuata nyuma kimya. Fanueli aliimba wimbo mzima, beti zote, akarudia wa kwanza. Mwanahawa alitazama milima, akijitahidi kuzuia mdomo wake usitabasamu.

"Unaona?" Zubery alisema. "Sitini."

"Naona."

Alimtazama mumewe kwa pembe ya jicho akashangaa kuona naye amebana midomo, kana kwamba kuna kitu kinamtekenya. Zubery akaongeza mwendo.

Kutoka Makambako barabara hushuka kuelekea bonde la Usangu, na kadiri inavyoshuka joto hupanda. Walivua makoti. Baada ya kitambo Mwanahawa alihisi pikapu inavutwa kiuno, kulia, kushoto, kulia. Aligeuka. Mashua ilikuwa inapepesuka nyuma yao kama mlevi anayetafuta choo. Fanueli alikuwa ameacha kuimba.

"Baba Siwema," Mwanahawa alimwita mumewe kwa jina la mtoto wao, "punguza mwendo."

Zubery alikanyaga breki. Pakatokea mlio kama wa bunduki, kisha mlio wa chuma kinachokatika, kisha pikapu ikawa nyepesi ghafla. Na upande wa kushoto, dirishani kwake, Mwanahawa akaona kitu cheupe. Ilikuwa mashua. Ilikuwa inawapita.

Kwa kuwa mzigo wote ulikuwa umekaa nyuma, shingo ya tela ilikuwa imenyanyuka juu kama ya bata mzinga, na lile gurudumu lililopasuka lilikuwa linatoa moshi. Mwinjilisti alikuwa ameketi wima, mwavuli mkononi, kofia ingali kichwani. Macho yao yalikutana.

"Mama," alisema kwa upole, kama mtu anayeaga, akaendelea na safari.

Tela liliacha barabara, likateremka kwenye majani, likaingia katika dimbwi kubwa lililoachwa na mto Mbarali baada ya mvua. Likazama hadi mabawa ya magurudumu, likakwama. Kamba zilizokuwa zimelegea kwa kurukaruka asubuhi nzima zikafunguka, na mashua ikateleza kutoka juu ya tela ikaelea. Ilikuwa mashua nzuri. Ilikwenda mpaka katikati ya maji, ikaanza kuzunguka polepole.

Zubery na Mwanahawa walikimbia hadi ukingoni.

"Ndugu Zubery," Fanueli aliita, akipiga maji kwa mwavuli uliofungwa, jambo lililomfanya azunguke upande wa pili, "mimi sijui kuogelea."

Zubery alitazama maji. Akatazama viatu vyake.

"Nenda basi," Mwanahawa alimwambia. "Si wewe mtu wa pwani?"

"Hii si bahari," Zubery alisema. "Maji ya bara yana tabia yake."

Ng'ambo ya dimbwi palikuwa na mchungaji wa ng'ombe, Msangu mmoja wa makamo, ameegemea fimbo yake na mguu mmoja ameukunja. Aliwatazama kwa muda, kisha akazunguka ukingo kuja waliposimama.

"Kamwene," aliwasalimu kwa lugha yake.

"Kamwene," walijibu.

Jina lake lilikuwa Kalinga. Alitaka kujua wametoka wapi, huko walikotoka mvua ilikuwaje, na watu wa huko hawajambo. Walimjibu yote, wakati mwinjilisti akizunguka. Habari zilipokwisha Kalinga aliingia majini, akatembea mpaka kwenye mashua, akashika kamba, akaivuta. Maji yalimfika magotini.

Fanueli aliyatazama magoti ya Kalinga. Alishuka kwenye mashua akatembea hadi nchi kavu, akaketi kukamua soksi zake.

"Ningekuja mapema," Kalinga alimwambia, "lakini nilidhani ni ibada."

Mwanahawa alilifungua sanduku. Vikombe vilikuwa salama, isipokuwa kile cha kwanza. Alikaa chini kwenye majani. Aliwaza kama yeye ndiye angekuwa amepanda nyuma; aliwaza yule mtu na kofia yake na ule upole wake alipokuwa akienda kufa, kwa jinsi alivyodhani mwenyewe wakati ule. Na aliwaza pini iliyokuwa nyweleni mwake.

Zubery alikuwa amesimama ukingoni, mikono kiunoni, akitazama tela lililozama na mashua iliyokuwa inaelea. Mwanahawa alimwona akipata wazo zuri, jambo lililomtokea mara chache kuliko alivyodhani yeye na mara nyingi kuliko mkewe alivyokubali.

"Tusiibebe," Zubery alisema. "Tuisukume juu ya tela humohumo majini, tuifunge, ndipo tuvute vyote pamoja."

Alivua viatu. Yeye na Kalinga waliielekeza mashua, ikapanda juu ya tela kama kuku anayerudi kwenye mayai. Ng'ombe wanne wa Kalinga walifungwa, wakavuta, na tela likatoka likichuruzika maji na magugu.

Tairi la kushoto lilikuwa limechanika vipandevipande, na tyubu yake ilining'inia kama utumbo. Chuma kilichounganisha tela na pikapu kilikuwa kimekatika pini.

"Mzungu ametuuzia tairi bovu," Zubery alisema. Alichukua kipimo cha upepo akakitia kwenye tairi la kulia, ili ajue angalau hilo limebaki na kiasi gani. Alikitazama. Akapima tena.

"Thelathini," alisema. "Haiwezekani. Niliacha arobaini na tano."

Ng'ombe mmoja alikojoa.

"Uliacha?" Mwanahawa aliuliza.

"Nilitia sitini, halafu nikaacha..."

"Uliacha wapi, Baba Siwema?"

"Makambako," Zubery alisema, akiliambia tairi.

"Ulipokwenda kuswali."

"Niliswali pia. Baadaye. Kwa kifupi."

Mwanahawa alisimama. Alikuwa ndiyo anaanza kufungua kinywa, Fanueli akakohoa. Alikuwa amekaa juu ya gunia la vitunguu, miguu mitupu, soksi zimeanikwa kwenye mwavuli.

"Ndugu zangu," alisema, "hapo Makambako na mimi nilitoa kidogo. Matairi yote mawili. Nilikuwa naomba Bwana anipunguzie mateso ya gari hii, nikafungua macho, nikaona vali. Nikajua ni jibu."

Mwanahawa alipiga hesabu. Sitini, Zubery akapunguza ikawa arobaini na tano. Mwinjilisti akapunguza ikawa thelathini. Na lile la kushoto, juu ya hapo, lilipata pini. Kila mmoja wao angetoa peke yake, tela lingefika Mbeya linateleza. Walitoa wote, na joto la bondeni likamalizia. Alilitazama lile tairi lililochanika, ushahidi pekee dhidi yake, umetapakaa kwenye majani, haupimiki tena milele.

"Watu wazima wawili," alisema, akiweka mikono kiunoni. "Mmoja anaswali, mmoja anaomba, wote mnamwibia tairi upepo wake. Haya ndiyo wanayowafundisha?"

Wakainamisha vichwa. Ilikuwa raha kubwa, na Mwanahawa aliinywa yote.

Mzungu alikuwa amewapa gurudumu moja la akiba, kuukuu lakini zima. Zubery alilifunga. Pahali pa pini alipachika mpini wa jeki, akauzungushia waya mpaka ukawa hauchomoki. Kisha alishika pampu mkononi, akasimama.

"Tutie ngapi?" Fanueli aliuliza.

Zubery alitazama tairi, akatazama barabara, akatazama mkewe.

"Sijui," alisema.

Neno lilimtoka kama jino. Mwanahawa, aliyekuwa na jawabu kali tayari ulimini, alilimeza.

"Mzungu alisema thelathini na tano," alimkumbusha, bila ukali.

"Ya mashua tupu. Sisi tuna sanduku na mwinjilisti."

"Mwinjilisti ni ratili ngapi?" Fanueli aliuliza.

"Za upepo au za nyama?" Mwanahawa alisema.

Zubery alikaa chini. "Kuna fundi mmoja Iringa aliwahi kunieleza," alisema. "Alisema ukivuta mzigo, simama njiani, uliguse tairi kwa kiganja. Likiwa la moto sana..."

"Likiwa la moto sana, nini?"

"Sijui. Nilimwambia najua, akaacha kueleza."

Ikabidi waimalize wenyewe kazi ya yule fundi. Kalinga, ambaye alikuwa hajawahi kumiliki hata baiskeli, alisema kitu kinachokunjwakunjwa hupata moto. Ukitaka kukata waya bila msumeno unaukunja hapo hapo mpaka unaungua vidole, halafu unakatika. Tairi lililolegea, Zubery alisema, linakunjwa kila linapozunguka. Basi moto ni dalili ya ulaini. Na kuruka ni dalili ya ugumu, Fanueli alisema. Hilo hakuhitaji kuelezwa na mtu. Walikubaliana waanze na thelathini na tano ya mzungu, waguse, na waongeze kidogo kidogo. Tena mwinjilisti na sanduku wasikae nyuma, bali wasogee mbele kidogo ya magurudumu, ili tela liache kunyanyua shingo. Mwisho Mwanahawa alitoa sharti lake: mtu yeyote atakayegusa vali, atangaze kwanza kwa sauti.

Walimpa Kalinga vitunguu, wakaagana, wakaondoka mwendo wa maiti.

Waliposimama mara ya kwanza ilizuka hoja nyingine: kiganja kikae juu ya tairi kwa muda gani? Hakuna aliyekuwa na saa inayotembea. Zubery alisema kikae muda wa kusoma Alhamdu. Fanueli alisema Alhamdu ni fupi, wapime kwa Baba Yetu. Zubery alisema Baba Yetu ni fupi zaidi, ila tu wao huivuta. Walikuwa karibu kuvunjiana heshima kando ya barabara ya serikali, Mwanahawa akaamua kwamba zisomwe zote mbili, moja baada ya nyingine, na kiganja kitakuwa chake.

Alianza Zubery. Alhamdu ilikwisha, Fanueli akaingia, na alipofika kwenye mkate wa kila siku Mwanahawa aliondoa mkono akaupuliza.

"Laini," alisema.

Waliacha matairi yapoe kivulini, wakatia arobaini, wakaenda tena. Mara ya pili kiganja kilifika Amina. Tairi lilikuwa vuguvugu kama chapati iliyosahaulika, na mashua ilikuwa haijaruka wala haijapepesuka. Zubery alipopima, kipimo kilionyesha upepo umezidi kidogo, na mkono wake ukaanza kuelekea kwenye vali.

"Tangaza," Mwanahawa alisema.

"Natangaza kwamba umezidi."

"Ni joto tu. Uache ulale, kesho tuutazame."

Hakuwa na uhakika hata kidogo. Lakini asubuhi, walipoamka Chimala kwa jamaa aliyewapa mahali pa kulala, na matairi yamepoa, kipimo kilisoma arobaini. Zubery alimtazama mkewe kwa heshima ambayo Mwanahawa aliikubali bila kujitetea.

Walipokuwa wanapanda kuelekea Igurusi, Fanueli akiimba nyuma yao, Mwanahawa aliuliza swali alilokuwa nalo tangu jana.

"Kwa nini ulijificha? Ungesema tu sitini ni nyingi, tupunguze. Mimi ningekufanya nini?"

Zubery alibadili gia. "Nimesema najua tangu nilipokuja kukuposa," alisema. "Baba yako aliniuliza kama najua biashara ya pembe. Sikuwahi hata kumwona tembo. Sasa nikianza kusema sijui, nitaanzia wapi? Nitarudi nyuma mpaka lini?"

Alisema hayo bila mzaha, akitazama barabara. Mwanahawa aliutazama uso wake wa pembeni, zile ndevu chache za mvi zilizoanza kidevuni, akajiona mnyonge kwa ile raha aliyoinywa jana kando ya dimbwi.

"La kushoto nililitoa upepo mimi," alisema.

"Nini?"

Alichomoa pini nyweleni akamwonyesha. "Kwa hii. Kwa ajili ya vikombe. Mlipokuwa mnabishana habari za Yona."

Zubery alimtazama, akaitazama pini, akamtazama tena. Alisogeza pikapu pembeni ya barabara akazima injini. Mabega yake yalianza kutikisika, na Mwanahawa alidhani analia, mpaka sauti ilipotoka. Alicheka huku akipiga usukani kwa kiganja, akacheka mpaka honi ikalia. Naye Mwanahawa akashindwa, akacheka akiwa ameshika tumbo.

Fanueli aliinama kutoka kwenye mashua, akagonga paa la pikapu kwa mwavuli. "Kuna nini? Niteremke?"

"Kaa, mwalimu," Zubery aliita. "Watenda dhambi wametimia."

Alasiri waliingia Mbeya. Watu walitoka madukani kuiona mashua ikipita chini ya mlima Loleza, mahali ambapo maji mengi yanayojulikana ni ya mvua. Othmani alitoka dukani amejifunga msuli wake, akaizunguka mashua mara mbili, akayaona magugu ya Mbarali yaliyonasa kwenye mabawa ya tela, akauliza kulikoni.

"Nilikosea upepo," Zubery alisema. "Tairi likapasuka."

Hakumtaja mwinjilisti, aliyekuwa ameshuka Uyole. Hakumtaja mkewe. Othmani alianza kumsema, na ni mtu aliyejua kusema. Zubery alisikiliza, akiitikia tu. Mwanahawa alimwacha kaka yake afike mbali kidogo, kisha akaingia kati.

"Tulikosea watatu," alisema. "Na mwenye tairi lililopasuka ni mimi. Ukitaka kusema, geukia huku."

Othmani hakugeukia huko. Alikuwa mkubwa kwake, lakini walikua nyumba moja. Mwanahawa alichukua sanduku lake, akaingia ndani kumtazama Mwamvita na mtoto, ambaye alikuwa mwekundu, amekunjamana, na anapiga kelele bila sababu, kama watu wote wa ukoo ule.

Tela lilikwenda Mwaya wiki ile kwa ratili arobaini na matairi yalifika mazima. Othmani alimwambia kila mtu aliyemsikiliza kwamba kipimo hicho alikichagua mwenyewe. Zubery alirudi Iringa na pikapu yake, na Mwanahawa akabaki na mzazi.

Kabla siku zake za kukaa hazijaisha, alasiri moja, Fanueli aliteremka kutoka milimani kwake na kikapu cha viazi mviringo. Mwanahawa alimtandikia mkeka barazani, akamletea chai. Waliulizana habari za nyumbani, za mashamba, za mzazi na kichanga, na za Zubery huko aliko. Fanueli alikunywa, akafuta mdomo kwa leso, akafikiri kama kuna aliyemsahau.

"Na matairi," aliuliza, "hawajambo?"

"Hawajambo," Mwanahawa alijibu. "Wanakusalimu."